Maisha ya Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, Baba wa Wenye Kifafa

Katika kitabu hiki cha jubilei zimepangwa habari za wazee wetu waliotuletea Injili, wakajenga makanisa na kufungua shule. Sisi tumepewa kuandika habari za mtu ambaye hakuikanyaga nchi yetu hata siku moja, walakini tunda la kazi yake lingalipo hapa Tanzania hata leo. Naye ni Friedrich von Bodelschwingh, mchungaji wa Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1831 akafariki mwaka 1910.

Labda msomaji wa Ubaruku atauliza: habari za mtu huyu zatuhusu nini sisi wa Usangu, wakulima wa mpunga na wafugaji wa ng'ombe? Zatuhusu kwa sababu hii. Mchungaji huyu alitumia miaka 38 ya maisha yake kwa ajili ya watu wenye kifafa na watu wenye ulemavu wa akili, yaani wale ambao hakuna kijiji kisichokuwa nao, na ambao vijiji vingi huwaficha. Hata huku kwetu wamo. Wamo watoto wanaofungiwa ndani wazazi wao waendapo majarubani. Wamo vijana wanaoitwa taahira na punguani mbele ya masikio yao. Wamo wenye kifafa walioungua motoni kwa kuwa majirani waliogopa kuwashika. Basi tutayasimulia maisha yake kwa taratibu, ili tuone jinsi watu wa namna hiyo walivyotolewa gizani, tena kwa mikono ya watu gani.

Kuzaliwa kwake na ujana wake

Friedrich alizaliwa tarehe 6 Machi 1831, katika nyumba iitwayo Mark, karibu na mji mdogo wa Tecklenburg katika nchi ya Westfalia. Ukoo wake ulikuwa wa watu wakubwa. Baba yake, jina lake Ernst, alikuwa waziri wa mfalme wa Prussia, na kwa ajili ya kazi hiyo jamaa yote ilihamia Berlin. Huko mtoto Friedrich alicheza pamoja na mwana wa nyumba ya kifalme aliyelingana naye kwa umri. Mwana huyo ndiye aliyekuja kuwa Kaisari Friedrich wa Tatu, aliyetawala siku 99 tu mwaka 1888. Urafiki wao wa utotoni haukukatika, na baadaye ulimfaa sana mchungaji wetu, si kwa kujitafutia cheo, bali kwa kuwaombea wasio na mtu wa kuwasemea.

Alipokuwa kijana hakufikiri habari za uchungaji. Alijifunza kilimo, akawa msimamizi wa mashamba makubwa huko Pomerania. Aliamka mapema, akahesabu mavuno, akawapangia vibarua kazi zao, akaona kwa macho yake umaskini wa watu wanaolima ardhi isiyo yao. Huko ndiko alikosoma siku moja kijitabu kidogo chenye habari za mtoto maskini wa Uchina. Kijitabu hicho kilimchoma moyo hata akakata shauri kuacha mashamba na kuwa mmisionari. Mwaka 1854 akaenda Basel kusoma elimu ya dini, kisha akaendelea na masomo Erlangen na Berlin. Nia yake ilikuwa kwenda nchi za mbali. Lakini Mungu hakumpeleka mbali. Alimpeleka kwa watu wa karibu ambao watu wa karibu hawakutaka kuwaona.

Kazi yake Paris

Mwaka 1858 alitumwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Wakati ule Wajerumani maskini wengi walikuwa wamekimbilia mji huo kutafuta riziki. Walifagia njia usiku na alfajiri, wengine waliokota matambara na mifupa katika majalala wakaviuza. Watoto wao walizurura bila shule, na watu wa mjini hawakuwajali kuliko mavumbi waliyoyafagia.

Bodelschwingh alikwenda kukaa katika mitaa yao. Akaanza kufundisha watoto wachache chumbani mwake, na polepole idadi yao ikaongezeka, hata akapata kiwanja juu ya kilima akajenga shule na kanisa. Fedha za kujengea hazikutoka kwa tajiri mmoja. Aliandika barua nyumbani kwao Ujerumani, akaeleza bila kuficha hali ya wale wafagiaji, na watu wa kawaida wakaleta walichokuwa nacho. Hapo ndipo alipojifunza jambo alilolishika mpaka kufa kwake: kwamba watu wengi si wagumu wa moyo, ila hawajaonyeshwa. Akionyeshwa mtu shida ya mwenzake kwa maneno ya kweli, hutoa.

Mwaka 1861 alimwoa Ida, binti wa ukoo wake. Baada ya kuzaa mtoto wa kwanza, Ida alishikwa na ugonjwa wa huzuni nzito ya moyo, na hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya kuondoka Paris. Kwa hiyo Bodelschwingh aliyajua maradhi ya akili si kwa kusoma vitabuni, bali kwa kukesha nyumbani mwake karibu na mke aliyempenda.

Msiba wa Dellwig

Mwaka 1864 wakahamia Dellwig, usharika wa vijijini huko Westfalia. Palikuwa mahali pa utulivu, na watoto wakaongezeka hata wakawa wanne. Wakati wa vita ya mwaka 1866 aliitwa kuwa mchungaji wa askari, kisha akarudi nyumbani salama.

Lakini mwezi Januari mwaka 1869 kifaduro kiliingia nyumbani, kikashika vifua vya watoto. Katika muda wa majuma mawili hivi wote wanne walikufa, mmoja baada ya mwenzake, nyumba ikabaki kimya. Mzazi ye yote asomaye habari hii hahitaji kuelezwa zaidi. Katika miaka iliyofuata Mungu aliwapa watoto wengine wanne, walakini yale makaburi manne hayakusahauliwa. Wote waliomjua Bodelschwingh walishuhudia ya kuwa tangu msiba ule upole wake kwa wenye kuteswa ulizidi sana. Wako watu ambao msiba huwafunga mlango, wasitake tena kuona machozi ya wengine. Yeye msiba ulimfungulia.

Bethel

Sasa tumefika penye kiini cha habari yetu. Karibu na mji wa Bielefeld, mwaka 1867, wakristo kadha wa kadha, wachungaji na wafanya biashara, walikuwa wamefungua nyumba ndogo ya kuwatunza vijana wenye kifafa. Kwa nini wenye kifafa? Kwa sababu hao hawakuwa na mahali. Shule iliwakataa, ikisema watawatisha wenzao. Bwana wa kazi aliwakataa, akisema wataangukia mashine. Hospitali iliwakataa, ikisema hawaponi. Wengi wao, kwa kuanguka mara nyingi, au kwa sababu ya maradhi yale yale yaliyodhuru ubongo, walikuwa pia na ulemavu wa akili, basi wakahesabiwa kuwa hasara tupu. Dawa ilikuwa moja tu yenye nguvu kidogo, nayo ni chumvi ya bromidi, iliyojulikana kwa ugonjwa huo tangu mwaka 1857; nayo iliwapunguzia baadhi yao kuanguka, lakini iliwalegeza na kuwatia usingizi.

Mwaka 1872 Bodelschwingh aliitwa kuisimamia nyumba ile, pamoja na nyumba ya mashemasi wa kike iliyoitwa Sarepta. Wagonjwa aliowakuta hawakufika hata hamsini. Mahali pale pakapewa jina la Bethel, yaani nyumba ya Mungu, kama Yakobo alivyopaita mahali alipolala juu ya jiwe. Mwaka 1877 ikaanzishwa Nazareti, nyumba ya mashemasi wa kiume, ili wanaume wagonjwa watunzwe na wanaume waliofundishwa kazi hiyo. Wagonjwa wakazidi, wakawa mamia, kisha wakapita elfu.

Lakini twaomba msomaji asifikiri ya kuwa ukuu wa Bethel ulikuwa katika wingi wa nyumba. Ulikuwa katika namna ya kukaa kwao. Bodelschwingh hakutaka jengo moja kubwa lenye kuta ndefu, mfano wa gereza. Alitaka kijiji. Akajenga nyumba nyingi za kadiri, kila nyumba na jina lake, na watu wake, na bustani yake; na walezi wakala meza moja na wagonjwa. Njia za Bethel zilikuwa wazi, mtu akienda kazini au dukani aliwapita jirani zake akawaamkia. Mtu akianguka njiani, hakuna aliyekimbia. Wa karibu alimlaza vema, akamngojea aamke, kisha kila mmoja akaendelea na safari yake.

Tena kila mtu alikuwa na kazi. Hilo lilikuwa jambo la kwanza katika fikira za Bodelschwingh, na bila shaka miaka ile ya mashamba ya Pomerania ilimfundisha. Aliona ya kuwa mtu anayelishwa bila kutakiwa lo lote hunyauka, kwa maana rohoni mwake anajua kwamba hakuna anayemhitaji. Basi Bethel wakachoma matofali, wakaseremala, wakashona viatu, wakajalidi vitabu, wakalima mboga na kufuga ng'ombe. Asiyeweza kushona kiatu kizima alipewa kupaka rangi. Asiyeweza kupaka rangi alipewa kubeba. Asiyeweza kubeba alipewa kukaa na mwenzake asiyeweza kutembea, ampungie nzi. Mwaka 1884 kanisa la Sayuni likawekwa wakfu kilimani Bethel, na matofali yake yalifanywa kwa mikono ya wagonjwa wenyewe. Watu waliokataliwa na shule na viwanda wakaketi ndani ya kanisa walilolijenga.

Senti za watu wadogo

Kazi kubwa namna hii ilikula fedha nyingi, nayo serikali haikuichukua yote. Bodelschwingh alirudia njia aliyoijua tangu Paris, akawaendea watu wengi wenye vichache. Vikaanzishwa vyama ambavyo mwanachama alitoa senti moja tu kwa juma. Wajane, watumishi wa nyumbani, watoto wa shule, wote waliweza. Asiye na senti aliombwa nguo kuukuu, kiatu kibovu, kitabu kilichochanika, kwa kufuata neno la Bwana Yesu aliyeagiza vipande vilivyosalia vikusanywe kisipotee kitu. Na wagonjwa wa Bethel wakavichagua, wakavishona, vikauzwa au vikavaliwa. Kila aliyetoa aliandikiwa barua ya shukrani, aliyetoa nyingi na aliyetoa senti. Palikuwa na ofisi nzima ya kazi hiyo.

Watu wengine walicheka jambo hili wakaliita uombaji. Hawakuelewa. Senti ile ilifanya kazi mbili. Ilinunua mkate, tena ilimfanya mtoaji aulize habari. Mama aliyetoa senti kwa ajili ya wenye kifafa hakuweza tena kumwonea haya mtoto wa jirani yake mwenye kifafa. Na aliye na mtoto kama huyo nyumbani mwake akapata ujasiri wa kumtaja jina lake mbele ya watu. Hivyo katika vijiji na mitaa ya nchi nzima wakatokea watetezi maelfu, wasiokuwa mabwana wala wenye elimu kubwa.

Wala hakuishia kwa wagonjwa. Mwaka 1882 alianzisha Wilhelmsdorf, mahali pa kuwapa kazi watu wasio na kazi waliokuwa wakitangatanga njiani, ili mtu asipewe sadaka ya kumdhalilisha bali kazi ya kumsimamisha. Rafiki yake wa utotoni, aliyekuwa mrithi wa ufalme siku zile, alimsaidia katika jambo hilo. Mwaka 1903, akiwa mzee wa miaka 72, alikubali kuchaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria la Prussia, akawabembeleza wakubwa bila kuchoka, hata mwaka 1907 ikatoka sheria ya kuwawekea wasafiri maskini vituo vya kazi na malazi. Maana alijua kwamba huruma bila sheria hufa pamoja na mwenye huruma.

Haitupasi kumsifu kana kwamba hakuwa na upungufu. Alikuwa mtu wa zamani zake. Alipenda kuwa baba, na baba wa zama zile aliamua yote. Wagonjwa waliulizwa mara chache wao wenyewe wanataka nini. Tena alikuwa mtu wa mfalme, wala hakuona vibaya kwamba mataifa ya Ulaya yaligawana Afrika. Leo twajua ya kuwa hayo yalikuwa makosa. Twayataja ili tuchukue mema yake kwa macho yaliyo wazi.

Jinsi kazi yake ilivyofika kwetu

Mwaka 1886 kilianzishwa Berlin chama cha misioni kwa ajili ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 1890 Bodelschwingh akaingia katika baraza lake, na tangu hapo chama kikapata uhai mpya kutoka Bethel, hata mwaka 1906 makao yake yakahamishiwa huko. Ile nia yake ya ujana ya kwenda nchi za mbali ikatimizwa na wengine. Mwaka 1891 wamisionari Wohlrab na Johanssen walianza kazi Mlalo katika milima ya Usambara, na baadaye vituo vikafunguliwa Mtae, Vuga na Bumbuli.

Katika kilima cha Lutindi, juu ya Korogwe, mwaka 1896 ilifunguliwa nyumba ya kuwalea watoto waliokombolewa utumwani, nao walezi wake walitoka katika nyumba za mashemasi za Bethel. Watoto wakakua, wakaoa na kuolewa, nyumba zikabaki na nafasi. Wakati huo wagonjwa wa akili katika nchi yetu waliokuwa wakileta fujo hawakuwa na mahali ila kamba, mti, au gereza. Basi mnamo miaka ya 1904 na 1905 Lutindi ikageuzwa kuwa mahali pa kuwatunza hao. Ilikuwa hospitali ya kwanza ya wagonjwa wa akili katika nchi hii. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilifunguliwa baadaye, mwaka 1927. Na desturi ya Bethel ikapandwa Lutindi: nyumba za kadiri, shamba, kazi kwa kila mtu kwa kadiri awezavyo, sala ya asubuhi pamoja. Nyakati za vita kuu wamisionari waliondolewa, walakini kazi ikapata wa kuishika. Leo Lutindi iko mikononi mwa Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Huko huko Usambara mbegu ile imezaa tena. Karibu na Lushoto, pale Irente, iko shule ya watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji, yaani wale wanaokua kwa namna tofauti katika kusema na kuchangamana na watu. Na mwaka 2007 dayosisi hiyo ilifungua chuo kikuu kwa jina la Askofu Sebastian Kolowa, nacho kikafundisha walimu wa elimu maalumu.

Hata upande wetu wa kusini wako waliotendewa wema wa namna hii. Katika milima ya Mahenge, ng'ambo ya bonde la Kilombero, daktari mwanamke kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, alikuta karibu na mwaka 1960 watu wengi wenye kifafa, waliotengwa na jamaa zao kwa hofu kwamba povu la kinywani huambukiza. Akawafungulia kliniki, akawapa dawa ya fenobarbitali, iliyogunduliwa kuwa tiba ya kifafa mwaka 1912, miaka miwili baada ya Bodelschwingh kufa. Wengi wakaacha kuanguka au wakaanguka mara chache, wakarudi mashambani. Na majirani waliokuwa wakiwakimbia wakaona kwa macho yao ya kuwa kifafa hakiambukizi kwa povu, wala hakihitaji mganga wa kupunga pepo.

Kufa kwake, na jaribu lililofuata

Ida alikuwa amefariki mwaka 1894. Mumewe aliendelea na kazi miaka 16 zaidi. Mwaka 1905 alifungua Bethel shule ya elimu ya dini, ili wachungaji vijana wasome kati ya wagonjwa, wasije wakahubiri upendo wasioujua. Tarehe 2 Aprili 1910 akafariki Bethel, akazikwa kati ya watu wake. Kazi ikashikwa na mwanawe, naye aliitwa Friedrich kama baba yake.

Mwana huyu alijaribiwa kuliko baba. Mwaka 1933 Hitler alishika utawala wa Ujerumani, na wakuu wake wakafundisha ya kuwa mtu asiyezaa faida ni mzigo kwa taifa. Kwanza ikatoka sheria ya kuwafunga uzazi kwa nguvu wenye ulemavu wa akili na wenye kifafa, ikaanza kutumika mwaka 1934. Na twasema kwa huzuni kwamba Bethel iliifuata sheria hiyo, na watu wengi wakafanyiwa jambo hilo humo. Kisha katika miaka ya 1940 na 1941 serikali ikaanza kuwaua. Ililetwa karatasi ya kujazwa kwa kila mgonjwa: anaweza kazi gani, ana muda gani hospitalini. Waliohesabiwa kuwa hawafai wakachukuliwa kwa magari, wakauawa kwa moshi wa sumu. Zaidi ya watu 70,000 waliuawa hivyo kabla amri haijasitishwa mwezi Agosti mwaka 1941, na wengine wengi wakauawa kwa siri baadaye.

Mwana wa Bodelschwingh alikataa kuzijaza karatasi zile. Rafiki yake, Mchungaji Paul Gerhard Braune, aliandika waraka wa kupinga mwaka 1940, naye akafungwa. Wagonjwa wa Kiyahudi waliokuwapo Bethel waliondolewa mwezi Septemba mwaka 1940, wakauawa, na Bethel haikuweza kuwaokoa. Walakini wengi sana wa Bethel walihifadhika, kwa sababu walikuwa na majina, na jamaa, na watu nchi nzima waliotoa senti kwa ajili yao na kuulizia hali zao. Ni vigumu kumwua kwa siri mtu anayeulizwa habari zake.

Tena hapa pana onyo kwetu, nalo ni zito. Hata sifa ya kazi ina hatari yake. Bodelschwingh aliwapa wagonjwa kazi ili wapate heshima. Wale wauaji waliuliza kazi ili wajue nani wa kuuawa. Basi tusiseme kamwe kwamba mtoto mwenye ulemavu wa akili ana thamani kwa kuwa aweza kuchunga mbuzi au kuamia ndege shambani. Ana thamani kwanza, ndipo apewe kazi. Tukigeuza mpango huo, tumeingia njia mbaya, hata tukiwa na maneno mazuri.

Yanayotupasa sisi

Ndugu zetu washarika, na ninyi walimu wenzetu, sisi tufundishao darasa la kipaimara tunayo daftari ya majina. Tukiifungua twaona majina ya watoto wa usharika, nasi hufurahi kwamba wametimia. Je, wametimia kweli? Katika nyumba ile karibu na mfereji, je, hakuna mtoto wa nne ambaye hatujamwona kanisani? Mama yake humfungia ndani. Tusimlaumu upesi. Amechoka kuulizwa alikosa nini, amechoka kuambiwa kwamba amelogwa au kwamba baba wa mtoto alimtoa kafara apate mali. Alimficha mtoto kwa sababu ya ndimi zetu, basi na tuanze kwa kuzifunga ndimi zetu.

Jambo la pili, tuandike majina. Kila mtaa wa usharika uwajue watu wake wenye kifafa na wenye ulemavu wa akili, si kwa kuwahesabu kama mifugo, bali wazee wa kanisa waende, wabishe hodi, waketi, waulize jina la mtoto na apendalo. Ubatizo wake uko sawa na wetu. Na darasa lake la kipaimara liwe kwa kadiri awezavyo. Mtoto anayeweza kusema Baba Yetu kwa nusu, asimame na nusu yake.

Jambo la tatu, mwenye kifafa apelekwe zahanati, ameze dawa kila siku bila kukatisha, hata akijisikia mzima, kwa kuwa kuikatisha ghafula humrudishia ugonjwa kwa nguvu. Asiachwe peke yake karibu na moto wa jikoni wala ukingoni mwa mfereji wa majaruba, maana sote twajua maji yale yalivyo wakati wa kumwagilia. Akianguka, alazwe kwa ubavu, asitiwe kijiko wala kitu cho chote kinywani. Kuanguka kukipita dakika tano, akimbizwe kwa mganga wa hospitali.

Jambo la nne, mwenye ulemavu wa akili ana haki ya kusoma. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yakiri haki hiyo. Zipo shule zenye vitengo vya elimu maalumu; palipo na kitengo tumpeleke mtoto, na pasipo nacho wazazi waende pamoja kwa mwalimu mkuu na kwa diwani, wakiitaja sheria. Mzazi mmoja huambiwa arudi kesho. Wazazi kumi, wakisimama na mchungaji wao na mwalimu wao, husikilizwa. Na safari hii tuwaulize wao wenyewe, vijana wenye ulemavu, wanataka nini. Neno hilo wazee wa zamani walilisahau.

Hatuna kilima cha Bethel, wala rafiki wa nyumba ya kifalme. Lakini kazi ile haikusimama kwa wafalme. Ilisimama kwa senti ya mjane, kiatu kuukuu na jina lililoandikwa. Debe la mpunga tunalo, vikapu vya sadaka tunavyo, na milango ya kubisha hodi iko karibu nasi. Mungu atupe kuianza kazi hii katika mwaka huu wa jubilei, ili wale waliofichwa watoke, waketi pamoja nasi katika mabenchi ya kanisa, na nyumba ya Bwana ijae.